Mistari ya soksi imevurugika kisigino

SWALI: Hamjambo wahariri. Nimefuma soksi kwa ule uzi unaojichora wenyewe, vitanzi 64, sindano 5 za milimita 2.5. Mistari ilipendeza hadi kisigino. Hapo ikanenepa, halafu mbele yake ikawa myembamba. Soksi ya pili nayo haifanani na ya kwanza. Shida ni nini?
Mama Pacha, Umoja

JIBU: Mama Pacha, mkono wako hauna kosa, ni idadi ya vitanzi iliyobadilika. Uzi huu hutiwa rangi kwa vipande vya urefu maalumu. Tuseme buluu inatosha mizunguko 4 ya vitanzi 64. Kwenye ulimi wa kisigino, yaani kile kipande kinachofunika nyuma ya kisigino, unafuma vitanzi 32 tu, kwa hiyo buluu ileile inakwenda safu 8. Ukishaokota vitanzi vya pembeni mwa ulimi huo unakuwa na 84 hivi, na buluu inaishia mzunguko wa 3.

Kwa uzi wa aina hii, sisi tunapendelea kisigino kinachofumwa mwisho. Pale kinapotakiwa kukaa, fuma vitanzi 32 vya nyuma kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine. Virudishe kwenye sindano ya kushoto, uvifume tena kwa uzi wa soksi, uendelee kuzunguka. Mistari haitakatika. Kwa mguu wa sentimita 24, fuma sentimita 13 kutoka hapo kabla ya kuanza kupunguza vidoleni. Kisigino na ncha ya vidoleni vitaongeza kama sentimita 5 kila kimoja. Soksi ikiwa fupi kidogo kuliko mguu ndipo inashika vizuri.

Sasa rudi kisigino. Okota vitanzi 32 juu na 32 chini ya uzi ule wa rangi nyingine, ndipo uuchomoe. Ukitanguliza kuchomoa, vitanzi vitakutoroka. Ongeza 2 kila pembe, la sivyo patabaki tundu. Punguza 4 katika kila mzunguko wa pili hadi vibaki 24, kisha unganisha kwa sindano ya kushonea.

Kuhusu kufanana: kabla ya kuanza, chagua mahali rangi mbili zinapokutana, mathalani njano inapoishia na buluu kuanza, ufunge kitanzi cha kwanza hapo hapo. Kwa soksi ya pili, kunjua uzi hadi ufike mahali kama hapo. Angalia pia mfuatano: ya kwanza ikiwa njano, buluu, kijivu, na sasa unaona kijivu, buluu, njano, anzia ncha ya pili ya donge. Ukikuta fundo la kiwandani katikati, usilipite. Kata, kunjua hadi rangi iliyofuata, uunge. Donge la gramu 100 kwa kawaida linatosha jozi ya mtu mzima. Ligawe kwa mizani ya jikoni.

SWALI: Akriliki (uzi wa sufu bandia) ya Biashara Street, Nairobi, inafaa kwa soksi za baridi ya Julai?
Msomaji, Kangemi

JIBU: Za kulalia, ndiyo. Za kuvaa ndani ya kiatu, hapana: hainyonyi jasho, na ikishalegea hairudi. Soma karatasi ya donge. Tafuta sufu asilimia 75 na nailoni 25, kwa sababu nailoni ndiyo inayozuia kisigino kutoboka. Fua kwa maji baridi, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo bila kusokota, uanike kivulini.