Akikwambia "rain check", usiangalie mawingu

Miaka ile nafanya kazi Arusha kwenye ofisi moja ya utalii, bosi wangu alikua dada wa Kimarekani na tulielewana sana, sasa mwezi wa nne masika imekolea nikamkaribisha nyumbani Jumapili aje tule pilau kwa mama. Akakubali vizuri tu. Jumapili saa nne asubuhi naona meseji, anauliza kama anaweza "take a rain check". Mi nilivyoona neno rain nikajua ni habari ya mvua, na njia ya kwetu ikinyesha ni matope matupu, nikaona mgeni anaulizia hali ya huku kabla hajatoka, nikamjibu fasta hamna shida kabisa.

Kumbe alikua anaomba asije siku hiyo, na mi nimeshamruhusu.

Tukasubiri mpaka saa kumi na moja jioni. Mama kaamka alfajiri kuchambua mchele, kaazima na sahani nzuri kwa jirani, akaniuliza mara moja tu, "mwanangu, mgeni wako vipi?" halafu akafunika sufuria akanyamaza. Kiukweli kile kimya kiliniuma kuliko angenisema.

Jumatatu ndo nikaelezwa. Maana yake ni leo siwezi, ila mwaliko wako nautaka, naomba uniwekee. Imetoka kwenye besiboli huko Marekani miaka ya 1880, mechi zinachezwa uwanja wa wazi, mvua ikikatisha mapema, kawaida ikiwa hazijafika raundi 5 kati ya zile 9, basi mtazamaji kile kipande chake cha tiketi kinamuingiza mechi nyingine bila kulipa tena. Hiyo "check" sio kuangalia, ni hicho kipande. Baadae hata maduka ya kule yakaanza, bidhaa ya ofa ikiisha wanakupa karatasi ukirudi wiki ijayo unauziwa kwa bei ileile ya ofa.

Sasa ushauri wangu kwa nyie mnaofanya kazi na hawa watu, hasa Wamarekani maana ni msemo wao. Sisi tukisema "nashukuru, siku nyingine", mara nyingi mambo yameishia hapo na wote tunajua, ni kama mtu anakwambia karibu chakula ukajibu starehe, hakuna anayekudai. Ila "rain check" ukiisema wewe, jua umechukua kitu, na wewe ndo unatakiwa urudi useme jamani wiki hii nina nafasi, ule mwaliko bado upo? Ukikaa kimya miezi mitatu mwenzio anaona ulimkataa kiujanja. Na wapo kweli wanaoitumia kukataa kistaarabu, huyo utamjua kwa sababu hatarudi wala hatataja siku, usimfuatefuate.

Halafu itumie kwenye mialiko, chakula, kahawa, kwenda kuangalia mpira. Bosi akikupa ripoti ya kumaliza Ijumaa usimwambie unachukua rain check, kazi sio mwaliko, hapo omba kuongezewa muda kwa maneno ya kawaida.

Na kubwa zaidi, usijibu meseji usiyoielewa. Ningeandika tu "samahani dada, una maana gani hapo?" ingenichukua nusu dakika na mama asingekaa barazani vile anaangalia njia. Hakuna mtu wa maana atakudharau kwa kuuliza, yule dada mwenyewe aliniambia angefurahi ningemuuliza, na aliumia alivyosikia habari ya mama.

Jumapili ya pili yake, mvua inapiga kwelikweli, tukasikia hodi. Yupo mlangoni, viatu mkononi vimejaa tope, kabeba tikiti maji, akamuamkia mama shikamoo, halafu akanigeukia kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Nimekuja na ile tiketi yangu."