Sonona ya mjamzito kijijini, bila mtaalamu

Dada, umeuliza kama tiba ya mazungumzo inawezekana pale ndugu yako mjamzito mwenye sonona (huzuni nzito isiyoisha) anapokosa hata nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Inawezekana. Vijijini Rawalpindi, Pakistan, kazi hiyo walipewa wahudumu wa afya wa jamii, akina mama wa hapohapo, baada ya mafunzo mafupi. Walimfuata mjamzito mwenye sonona nyumbani kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba, vikao 16 kwa jumla. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofika miezi 6, akina mama waliokuwa bado na sonona walikuwa 23%, huku kwa waliotembelewa bila tiba hiyo wakiwa 53%.

Nilichopenda mimi ni ujanja wao. Hawakuja na habari za "ugonjwa wa akili"; walikuja kwa afya ya mtoto, ili hata mama mkwe asinune. Mama anaonyeshwa picha, wanalijadili wazo la kukata tamaa, wanatafuta lingine, kisha anaachiwa kazi ndogo ya kufanya mpaka kikao kijacho.

Ila huyo ndugu yako akitaja kujidhuru, usingoje kikao. Mpeleke kituo cha afya leo.