Swali la msomaji: Nisome kozi ipi ili niwe mkaguzi wa rangi yenye madini ya risasi (lead)?

Swali: Mimi ni fundi sanifu wa majengo hapa Mtwara Mjini. Mteja wangu anataka kukarabati nyumba ya zamani Mikindani, na wafadhili wake wameandika katika masharti ya kazi kwamba rangi ikaguliwe kwanza na mkaguzi wa madini ya risasi mwenye cheti. Nimeona kozi nyingi za Marekani mtandaoni, nyingine za siku moja, nyingine za siku tatu. Nisome ipi, na cheti chake kitatambulika huku?

Jibu: Ndugu fundi, tofauti ya siku hizo ndiyo jambo la kwanza la kuangalia, kwa sababu kozi hizo haziandai watu wa kazi moja. Kwa kanuni za shirikisho la Marekani, kozi ya saa 8 ni ya mkarabati, yaani fundi anayefundishwa kubandua na kupiga msasa rangi ya zamani bila kutawanya vumbi, na haimpi ruhusa ya kukagua. Kozi ya mkaguzi haipungui saa 24, na kati ya hizo saa 8 ni za mazoezi ya vitendo. Baada yake kuna mtihani wa kozi na mtihani mwingine wa kupata cheti. Anayetaka kuwa mtathmini wa hatari, ambaye hupima pia vumbi na udongo na kushauri hatua za kuchukua, huongeza saa 16 na hutakiwa awe na elimu na uzoefu uliowekwa. Kwa hiyo anayekuuzia cheti cha ukaguzi kwa kutazama video pekee, bila kushika kifaa, usimlipe.

Ama kuhusu kutambulika, vyeti hivyo vimetungwa kutekeleza sheria za Marekani, na hata huko majimbo mengi yana mfumo wake, kiasi kwamba cheti cha jimbo moja si lazima kikubalike katika jingine. Hapa kwetu kinathibitisha kwamba umesoma. Hakikupi mamlaka yoyote ya kisheria. Wafadhili wanaweza kutosheka nacho kama sharti la mkataba, lakini hilo waulize wao, tena kwa maandishi.

Lipo jambo ambalo matangazo ya kozi hayalitaji. Ukaguzi hufanywa zaidi kwa mashine ya mkononi ya eksirei, iitwayo XRF, inayosoma madini ya risasi yaliyo chini ya matabaka ya rangi bila kuyabandua. Mashine hiyo ni chanzo cha mionzi, na chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, kuiingiza nchini, kuimiliki au kuitumia kunahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Bila kibali hicho, mashine yaweza kuishia forodhani nawe cheti unacho mkononi. Njia mbadala ni kuchukua vipande vya rangi na kuvipeleka maabara yenye ithibati ya kupima madini ya risasi. Ni njia ya polepole na inaacha makovu ukutani, lakini kwa nyumba moja naona ndiyo yenye busara. Kipande kiwe na matabaka yote hadi kwenye mbao au plasta, ila plasta yenyewe isiingie, kwa maana inaongeza uzito na kushusha asilimia ya risasi kwa uongo.

Kwa nyumba za mawe za Mikindani, usiitumie siku nzima kwenye kuta zilizopakwa chokaa tupu. Rangi ya mafuta ndiyo ya kushukiwa zaidi: milango, fremu, vibao vya madirisha, nondo zilizopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na ule ukanda wa rangi ya kung'aa unaopakwa ukutani kutoka sakafuni hadi kiunoni, mahali ambapo mikono ya watoto hufika. Kila chumba, kila aina ya sehemu na kila kitu kilicho chini ya rangi huhesabiwa peke yake. Mlango wa sebuleni haukupi jibu la mlango wa jikoni.

Katika kusoma majibu, wengi huchanganya viwango viwili. Sehemu 90 za risasi kwa milioni ni kikomo cha rangi mpya inayouzwa, ambacho Marekani imekitumia tangu mwaka 2009 na ambacho Umoja wa Mataifa unakipendekeza kwa nchi zote. Rangi iliyokwisha kupakwa kwenye nyumba huitwa rangi ya risasi, kwa kanuni za Marekani, ikifikia miligramu 1 kwa sentimita ya mraba au asilimia 0.5 ya uzito, sawa na sehemu 5,000 kwa milioni. Rangi yenye sehemu 3,000 itapita kwa kipimo hiki cha pili, lakini mafundi wakiipiga msasa mkavu bado vumbi lake litakuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Katika ripoti andika namba yenyewe, si neno "ipo" au "haipo" pekee.

Kabla ya kulipa ada yoyote, basi, mwandikie mteja akuulizie kwa wafadhili ni cheti cha nchi gani wanachokubali, wanataka mkaguzi au mtathmini, na kama majibu ya maabara yatatosha badala ya mashine. Wakitaka mkaguzi tu na wakikubali maabara, kozi ya saa 24 pamoja na mitihani yake inakutosha, na suala la kibali cha mionzi halitakuhusu kwa kazi hii.