Barua kwa mwanangu aliye Leipzig, Ujerumani

Umoja, Nairobi

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nimeshafunga duka, nimekaa stoo peke yangu. Unasema hii ni wiki ya tatu unatoka darasani na kuingia chumbani, unakula mkate umeegemea dirisha, na kutwa nzima hujasema na mtu ila kuitika jina lako likiitwa. Cheti cha Kijerumani ulichokihangaikia hapa Nairobi umekiona si kitu, maana watu wa Leipzig hawaongei kama mwalimu wako. Chini ya nyumba kuna duka la mkate, lakini wewe unanunua supamaketi, kwa sababu mashine ya kulipia haikuulizi neno. Halafu ile siku uliyoambiwa ufike halb acht, ukasikia nusu, ukasikia nane, ukaenda 8:30, kumbe wenzako walianza 7:30. Mwisho ukaniuliza: "Mama, wewe ulifika Guangzhou hujui hata salamu. Ulianzaje?"

Sijawahi kukusimulia vizuri. Ulikuwa darasa la pili, ukaona tu mikoba niliyorudi nayo.

Ilikuwa Oktoba 2009. Tulikuwa twende China wawili kununua mikoba ya kuuza, mimi na mfanyabiashara mwenzangu wa Nyamakima aliyekwisha kwenda mara mbili na kuijua njia. Wiki ya safari akanyimwa viza. Pesa zilikuwa mkopo wa chama, na marejesho hayangoji. Nikaenda.

Nilitua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, usiku. Miaka hiyo treni ya mjini ilikuwa bado haijafika uwanjani, nikapanda teksi. Nikampa dereva karatasi yenye jina la hoteli na mtaa, nimeiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, safi kabisa. Akaitazama, akaigeuza, akanirudishia. Pale kwenye kiti cha nyuma nikawa mtu asiyejua kusoma. Nyanyako hakuingia darasani hata siku moja, na kila akija mjini alikuwa akisimama steji na kumuuliza kila apitaye, "Hii ni nambari ngapi?" Usiku ule nilimkumbuka hadi machozi yakanilenga. Kilichonitoa pale ni namba ya simu niliyokuwa nimeiandika chini ya karatasi. Tarakimu dereva alizisoma. Akapiga, akaongea na mtu wa mapokezi, tukaondoka. Asubuhi niliomba kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina, nikaiweka pamoja na pasipoti, na haikunitoka mwilini mpaka nilipopanda ndege ya kurudi.

Siku ya kwanza sikutoka nje. Hili baba yako hajui, nakwambia wewe. Nilikula biskuti nilizobeba, nikalala, nikaamka, nikahesabu dola, nikalala tena. Nikajiambia ni uchovu wa safari, kwamba Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano na mwili haujazoea. Nilikuwa najidanganya. Niliogopa kufungua mdomo. Kwa hiyo ulipotaja lile dirisha nilijua umekaa wapi.

Njaa ndiyo iliyonitoa. Mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi walikuwa wakifikia, una mikahawa ya Waislamu wa Kichina wanaopika tambi za kuvutwa kwa mkono, na kwa kuwa nguruwe sili, nikaingia mmoja. Kijana alikuwa amesimama nyuma ya kioo, ameshika donge la unga ncha mbili, analivuta hadi mikono inanyooka, analikunja, anavuta tena, na kila akikunja nyuzi zinaongezeka maradufu, hadi zikawa nyembamba kama uzi wa kufumia. Nikaonyesha kidole bakuli la mtu aliyekuwa akila. Nikaletewa, nikala, nikashiba.

Nilipotaka kulipa, mama aliyekaa kwenye pesa akaninyooshea mkono: kidole gumba na cha mwisho vimesimama, vitatu vya kati vimekunjwa. Kwetu hiyo ni simu. Nikatoa simu yangu. Akatikisa kichwa, akaonyesha vilevile. Nikamkabidhi simu yenyewe. Watu wakageuka kutazama, uso ukanichoma.

Yule mama akaondoka kwenye kiti chake. Akaja, akaushika mkono wangu wa kulia, akanikunja vile vidole vitatu kimoja baada ya kingine, taratibu, kama unavyomfunga mtoto vifungo vya shati. Akasema, "Liu." Akatoa noti ya yuan 5 na ya yuan 1, akaziweka mezani. "Liu." Sita! Wachina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja, na mimi sikujua. Nikasema liu. Akanisahihisha, nikasema tena, akacheka kwa furaha, nami nikacheka, kicheko changu cha kwanza tangu nitoke Nairobi.

Asubuhi yake nilirudi palepale. Na kesho kutwa. Mikahawa mingine ilikuwepo, pengine mizuri zaidi, sikuitaka. Kila siku aliniongezea kidogo. Saba unabana ncha za vidole pamoja. Nane ni gumba na cha shahada. Tisa ni cha shahada kilichopinda kama ndoano. Siku ya nne akanifundisha "tai gui le", ghali mno, akanifanyisha mazoezi kwa kunitaka nizilalamikie tambi zake mwenyewe. Nilipokwenda kwenye masoko ya mikoba ya Sanyuanli, ambako muuzaji huandika bei kwenye kikokotoo na kukusukumia, nilikuwa na maneno yangu mdomoni. Bei ilishuka kidogo tu. Lakini muuzaji aliniangalia usoni, na kabla ya hapo walikuwa wakiangalia kikokotoo.

Nilianza hivyo, mwanangu. Sikuujua mji wa Guangzhou na hadi leo siujui. Nilimjua mtu mmoja, aliyekaa mahali pamoja, aliyekuwa na sababu ya kuniona kila siku. Wewe tayari unaye, yuko chini ya ngazi zako anauza mkate. Achana na ile mashine. Simu yako inatafsiri, na mimi sikuwa na neema hiyo, kwa hiyo itumie kwenye karatasi za serikali, kuandikisha makazi, mkataba, barua za benki. Huko usibahatishe. Kwa mkate iache mfukoni.

Kuna jambo nililokosea, na ndilo linalonitia hofu juu yako kuliko upweke. Muuzaji mmoja aliniuliza kitu kuhusu rangi. Sikuelewa. Akarudia, sikuelewa. Nikaona haya kumrudisha mara ya tatu, nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka nyeusi na kahawia, zikaja Nairobi dazeni kumi za zambarau. Niliuza mikoba ile mmoja mmoja mwaka mzima, na marejesho ya chama nikayalipa kwa pesa ya karo yako. Hiyo ilikuwa mikoba. Wewe mwezi ujao unaingia wodini, utashika dawa za watu. Muuguzi mkubwa akisema na hukuelewa, mwambie hukuelewa. Mara ya tatu, mara ya nne, mbele ya watu wote. Akikasirika, na akasirike. Usiitikie kwa kichwa, nakusihi.

Na hiyo halb acht isikunyime usingizi. Sisi nusu huihesabu baada ya saa iliyopita, wao huihesabu kuelekea saa ijayo. Mimi nilimwandikia mchukuzi "3" kwenye kikokotoo, nikimaanisha saa tatu asubuhi, akaja 15:00. Asubuhi nzima nimekalia maboksi mapokezini nikidhani nimeibiwa. Tangu hapo saa naiandika kwa tarakimu nne, namwonyesha mtu, nasubiri aitikie yeye. Fanya hivyo.

Nyanyako anauliza kama huko kuna sukuma wiki. Nimemwambia utamjibu mwenyewe.

Kesho ukitoka darasani ingia hapo dukani, mkate mmoja tu. Nitakupigia saa mbili usiku ya hapa, kwenu itakuwa 18:00. Uniambie mwenye duka alisemaje. Kama hukuelewa, niigizie sauti tu.

Mama