Kishikwambi cha kuongelea hakimzuii mtoto kusema

Dada, umeuliza kama kishikwambi chenye picha zinazotoa sauti kitamfanya mwanao mwenye usonji aache kuongea. Hapana, usihofu. Tafiti hazijaonyesha hivyo, na baadhi ya watoto huongeza hata maneno ya mdomoni. Ila kisiwe cha kuombea maji na chakula tu! Muwekee “nimekasirika”, “naogopa”, “niache kidogo”. Nawe uziguse picha hizo unapoongea naye: ukichoka kweli, gusa “nimechoka” huku ukilitamka. Hapo ndipo anapoona hisia ina jina. Roboti za kuwafundisha watoto wenye usonji hisia zipo pia, kama Kaspar wa Uingereza mwenye uso uliorahisishwa kusudi ili usimchanganye mtoto, lakini wewe anza na hicho kishikwambi. Na tafadhali, usimnyang'anye kumwadhibu, hata akibonyeza “sitaki” mara ishirini.