Kabla hujapiga Windows mara ya tatu, angalia viendelezi

Mkuu, umesema laptopu yako ya RAM GB 4 inaganda kila ukifungua Chrome, fundi ameshakupigia Windows mara mbili (kuifuta na kuisakinisha upya), na haipiti siku ugonjwa unarudi. Tafadhali usitoe hela ya tatu; kwanza angalia viendelezi, vile vijiprogramu vya ziada vinavyoongezwa ndani ya Chrome. Haya yalinikuta hapa Kigoma na yaliniuma.

Nina steshenari Mwanga. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo, vijana wamejaa mpaka barazani. Mashine yangu ikaanza: ukifungua Chrome, dakika mbili shwari, ya tatu mshale wa mausi unarukaruka, kitaa cha diski kinawaka bila kupepesa, feni inavuma, kisha hata saa ya pale chini ya skrini haisogei. Binti mmoja kutoka Ujiji alishapakia cheti cha kuzaliwa, amebakiza kurasa mbili. Tukazima kwa kukandamiza kitufe cha kuwashia, akaanza upya. Mara tatu. Mwisho akachukua flashi yake akaenda kwa jirani, na alikuwa na haki.

Nikapiga Windows. Asubuhi nzima safi, jioni ikaganda. Nikapiga tena, na safari hii nilikaa naitazama. Nilipoingiza tu imeili yangu kwenye Chrome, kialama chekundu kikachomoza pembeni ya sehemu ya kuandikia anwani, cha kiendelezi cha kugeuza mafaili kuwa PDF. Sikuwa nimekipakua siku hiyo. Ukiwa umewasha usawazishaji (sync), orodha ya viendelezi vyako inatunzwa kwenye akaunti yako ya Google. Fundi anafuta diski, ugonjwa uko kwenye akaunti.

Sasa fanya hivi. Fungua dirisha fiche (incognito) kwa Ctrl, Shift na N, na ufunge madirisha mengine yote ya Chrome. Humo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa uliviruhusu mwenyewe. Zunguka kwenye tovuti zako za kila siku kwa nusu saa. Isipoganda, mhalifu ni kiendelezi.

Kisha rudi dirisha la kawaida, bonyeza Shift na Esc. Litatokea jedwali la kila kichupo na kila kiendelezi, na kumbukumbu (RAM) kinayokula. Bofya safu ya kumbukumbu ili wakubwa wapande juu, halafu tulia utazame. Changu kilianza na MB 300, kikapita 900, kikavuka GB 2 huku sijagusa kitu. RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na hizi diski za kuzunguka haziwezi mbio hizo. Ndiyo maana haigandi Chrome peke yake, mashine nzima inasimama.

Kama jedwali halikuonyeshi aliye wazi, andika chrome://extensions kwenye anwani, zima nusu ya viendelezi, tumia mashine. Ikiganda, yumo katika ile nusu uliyoiacha ikiwaka; isipoganda, yumo katika uliyoizima. Nusu yenye mhalifu igawe tena. Hata vikiwa kumi na sita, kwa majaribio manne umempata. Ukimpata, mfute kabisa ukiwa umeingia kwenye akaunti, usimzime tu, ili afutike na kwenye akaunti. Ila kama ndiye anayekutunzia nywila, zihamishe kwanza, nakuomba sana.

Mashine ikiganda kabla hujafika popote, chomoa modemu au zima Wi-Fi ndipo ufungue Chrome. Wa Firefox, shikilia Shift unapoifungua, itakuuliza kama uiwashe bila viendelezi.

Na kama imeganda hata kwenye dirisha fiche, viendelezi havina kosa. Hapo ingia mipangilio, sehemu ya mfumo, zima chaguo la kutumia kadi ya michoro (graphics acceleration), ujaribu tena.

Changu nilikifuta saa nne usiku, duka limefungwa, na mpaka leo Windows ni ileile. Tuandikie hapa mstari wa juu kwenye jedwali lako unasoma MB ngapi na ni wa kiendelezi gani.