Mtoto njiti akitulia, ulizia pia kipimo cha kichwa

Mama mwenzangu uliyejifungua kabla ya siku zako, najua unavyohesabu gramu. Asubuhi ukiingia wodini swali ni lile lile: ameongezeka? Mimi pia niliishi hivyo na binti yangu, aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28. Ila ubongo haupimwi kwenye mzani, na huo ndio ninaokuomba uuulizie mapema.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 ana vimishipa vya damu laini mno kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo. Presha yake ikipanda na kushuka ghafla, vinaweza kupasuka, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 72 za kwanza. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Amelala, maziwa yanapita vizuri kwenye mpira, rangi nzuri, kumbe damu imevuja. Kwa hiyo usisubiri dalili. Muulize daktari: "Mwanangu atapigwa ultrasaundi ya kichwa lini?"

Kipimo chenyewe kisikutishe. Hakina mionzi, na mtoto hachomwi sindano ya usingizi. Daktari wetu aliipasha jeli moto kwanza viganjani mwake, kisha akaweka kifaa kidogo juu ya utosi, pale panapodunda, kwa kuwa hapo mfupa bado haujafunga. Binti yangu alikunja uso kidogo, akaendelea kulala. Sista alimshikia kichwa kisiyumbe.

Ukipewa majibu, usikubali kuondoka na "kuna damu kidogo" peke yake. Uliza ni daraja la ngapi, kati ya 1 na 4. La 1 na la 2 kwa kawaida yana matumaini makubwa. La 3 na la 4 yanahitaji kufuatiliwa kwa karibu, maana maji yanaweza kujaa kichwani. Na picha ya kwanza ikiwa safi, bado uliza ya pili. Kuna madhara mengine, ya sehemu za ubongo zilizokosa damu ya kutosha, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Sisi tulirudia hata tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa ilipofika, na ningemsihi kila mzazi afanye hivyo.

Pengine utamkuta mtoto amebandikwa vihisio kichwani vyenye nyaya. Haviingizi umeme wowote, vinasoma tu ule wa ubongo wake. Mchoro wake hubanwa hadi saa nzima ikatosha kwenye sentimeta 6 hivi, na daktari huona kama ubongo umeanza kupokezana usingizi na kuamka, au kama kuna degedege lililojificha. Kwa njiti, degedege mara nyingi halioneki mwilini kabisa.

Mashine hiyo isipokuwepo, macho yako yana kazi. Usitegemee kuona mtoto akirukaruka. Tazama midomo inayotafuna bila kitu, macho yaliyoganda upande mmoja, miguu inayozunguka kama anaendesha baiskeli, pumzi inayokatika. Mkono ukitetemeka, ushike taratibu: ukitulia, mara nyingi si degedege. Ukiendelea kuchezacheza ndani ya kiganja chako, mwite sista hapo hapo. Pumzi ikikatika usianze kupima lolote, ita kwanza. Mengine, ukiweza, yarekodi kwa simu huku sista anakuja. Daktari hataweza kuyaona kwa kusimuliwa.

Mkiruhusiwa nyumbani, kliniki isikatishwe, hata mtoto awe mnene kiasi gani. Kichwa kipimwe kwa utepe na kiandikwe kwenye kadi. Umri wake uhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Akifikisha miezi mitatu kwa hesabu hiyo, mlaze chali akiwa macho, bila kumchezesha, umrekodi dakika chache akirusha mikono na miguu. Mpelekee daktari wa watoto au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, umwombe aangalie hasa ile michezo midogo midogo ya viganja, shingo na vifundo vya miguu. Ikikosekana, mtindio wa ubongo unaweza kushukiwa mapema, na mazoezi yakaanza kabla hajafikia umri wa kukaa.